Kitabu Nilichokikalia

Watu wananiita Chumvi, na jina hilo sikulipata jikoni. Nikisimulia habari huwa naikoleza. Nilishawaambia watu wazima wenye akili zao kwamba ukumbi wetu ulikuwa na paka aliyekata tiketi kwa meno, na kwamba siku aliyougua tuliahirisha onyesho. Wawili kati yao walimletea paka pole. Nilishasema pia kwamba mnong'ono wangu ulikuwa mkali mno: siku moja, nikimkumbusha mwigizaji maneno ya kumposa mwanamke, bawabu aliyekuwa nje kabisa akajikuta amemposa mama mpita njia, na sasa wana watoto wanne. Bawabu mwenyewe hajawahi kukanusha.

Haya ya leo sikuyatia kitu. Nimeyaacha chapwa hivi hivi.

Kwa miaka thelathini nilikuwa mnong'onezi wa ukumbi wa maigizo. Katikati ya ukingo wa jukwaa kulikuwa na shimo lililofunikwa kwa nusu ya pipa ili watazamaji wasilione. Nilikaa humo, kichwa usawa na viatu vya waigizaji, na aliyesahau maneno yake nilimrushia mawili matatu kwa sauti isiyovuka pipa. Mnong'onezi mbaya husikika hadi kiti cha mwisho. Mnong'onezi wa kawaida husikiwa na mwigizaji peke yake. Mimi hata mwigizaji hakunisikia. Nilipenyeza neno pale anapovuta pumzi, akalitoa akidhani amelikumbuka mwenyewe, na akitoka nyuma ya pazia alijisifu kwamba leo hakukwama hata mara moja. Nilikuwa nikicheka peke yangu shimoni. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu, na ndiyo iliyotuangamiza.

Aliyenitia shimoni ni Risasi. Wageni walidhani ni askari mstaafu, kumbe aliitwa hivyo kwa sababu hakuandika kwa kitu kingine ila kalamu ya risasi. Alianza akiwa karani wa ofisi ya maji, akaandika riwaya yake ya kwanza nyuma ya fomu za watu waliolalamika kwamba mabomba yao yamekauka. Akaandika nyingine, kisha akachoka kuwaona watu wake wamelala kwenye karatasi, akataka kuwaona wamesimama. Akapata ghala lililokuwa la unga, akaligeuza ukumbi. Unga ulikuwa umejaa kwenye mbao za dari, na kila mwigizaji alipopiga mguu chini ulidondoka kidogo kama vumbi jeupe. Watazamaji wa mwanzo walisifu sana ufundi huo. Risasi aliwaambia umemgharimu usingizi wa wiki nzima. Kwa hiyo msidhani chumvi ilikuwa yangu peke yangu.

Mimi nilikuwa seremala wake wa milango ya uongo na madirisha yasiyo na nje. Nikipiga misumari niliyasikia mazoezi, na ndani ya wiki mbili nilijua maneno ya kila mtu. Mnong'onezi wa kwanza alipoacha kazi, Risasi alinikabidhi kitabu cha maneno akanituma shimoni. Siku ya tatu akainama, akanitazama, akasema kwa upole kwamba kitabu nimekipindua. Nilimjibu kwamba najua, nasoma upande wa pili. Hakucheka. Jioni ile alinikalisha mezani kwake, akaniwekea ukurasa wake mmoja na karatasi tupu, akasema, "Nakili."

Sikuwahi kuwa na mwalimu mwingine wala ukurasa mwingine. Nilijifunza herufi kwa kunakili mwandiko wake, na kwa kuwa sikuwa na wa kwangu wa kuuharibu, wake ulikaa mkononi mwangu kama ulivyo. G yake ilikuwa na mkia unaoning'inia na kujikunja kushoto, kama ngedere aliyeshika tawi kwa mkono mmoja. Yangu ikawa hivyo hivyo. Ikawa kazi yangu kunakili tamthilia zake kwa wino, kitabu kimoja cha kukaa nacho shimoni, na waigizaji hawakuweza kusema nani ameandika nini. Kifundo cha mkono kilipomuuma nilimsainia vitabu. Kama unacho kimoja kabatini chenye jina lake kwa mkono, kuna uwezekano mkubwa ni mimi. Samahani.

Alikuwa na binti mmoja, na mkewe alikuwa ameshatangulia. Binti alikulia chini ya meza ile. Baba alipokosea, yeye ndiye aliyepanda kwenye kiti akafuta kwa raba, akapuliza vumbi, akasema, "Haya, endelea." Tukamwita Kifutio. Mimi aliniita baba mdogo ingawa hatukuwa na damu moja. Mchezo wake mkubwa ulikuwa kutuandikisha sentensi moja kila mmoja, kuzichanganya karatasi mgongoni, kisha kukisia ipi ya baba na ipi ya baba mdogo. Alikosa kila siku. Alikuwa akikasirika, akidai tumekula njama.

Alipokuwa mtu mzima alipata mtoto aliyeishi siku tisa tu. Mume hakukaa. Halafu siku moja, akichambua mchele na baba yake jikoni, Kifutio alimwambia kwamba bado anakifua kile kisweta cha mtoto. Kila Jumamosi anakifua, anakianika, kikikauka anakikunja. Hakuna anayejua, akasema, wala hajui kwa nini.

Mwaka uliofuata ilitoka riwaya ya tano ya Risasi, na katikati yake kulikuwa na mwanamke anayefua kisweta cha mtoto kila Jumamosi. Kurasa nne. Wasomaji walizililia. Sokoni mama mmoja wa mbogamboga alimshika Kifutio mkono akamuuliza kama ndiye yeye.

Nilikuwepo alipokuja. Nilikuwa nikipiga randa mlango kwa ajili ya onyesho, na nikaacha randa ilipokuwa. Alisema, "Baba, nilikupa siri, ukaipiga chapa." Baba yake angeweza kusema nisamehe. Ni neno fupi, nimelinakili mara nyingi katika tamthilia zake. Badala yake alisema kwamba mwandishi hachagui kinachomwingia, na kwamba mtu anayeweza kuondoka kwa ajili ya kurasa nne, basi aondoke, na mlango utafungwa nyuma yake. Kifutio aliweka funguo juu ya randa yangu, akaenda.

Miaka miwili kimya. Naye ana kichwa cha baba yake, na baba yake alikuwa na kichwa cha jiwe la kusagia. Barua hazikwenda, hazikuja. Katika miaka hiyo Risasi aliandika tamthilia moja tu. Mzee amekaa kando ya mlango kutwa nzima, watu wanakuja na kuondoka, wanamuuliza anamngoja nani, anakana kwamba anamngoja mtu. Mwishoni anabaki peke yake, anautazama mlango, anasema, "Mlango nimeufunga." Taa zinazima. Aliiandika akiwa bado na hasira, na mimi nikainakili kwa wino. Sehemu ya mzee hakumpa mwigizaji yeyote. Aliichukua mwenyewe.

Tulionyesha mara nane, na mara nane nilisikia watu wakipenga kamasi.

Onyesho la tisa lilikuwa la saa kumi alasiri. Saa nane mkata tiketi, mtu wa kweli, si paka, alikuja nyuma ya pazia akamnong'oneza Risasi kwamba Kifutio amepita dirisha la tiketi, amechukua kiti safu ya tatu, na amesema asiambiwe mtu. Nilimwona Risasi akikaa juu ya sanduku la mavazi kama mtu aliyepigwa ngwara. Akaomba kitabu changu cha shimoni. Akatoa kalamu sikioni, akaandika, akakandamiza hadi ncha ikakatika. Halafu akaja kwangu.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa na washona mavazi, nawasimulia ile ya bawabu. Nilikuwa nimefika mahali pa utamu, mama mpita njia ndiyo kwanza anaweka kikapu chini. Risasi akanipa kitabu, akasema, "Nimebadilisha neno moja, la mwisho. Litazame, mdogo wangu." Nikasema nimeliona, kaka. Nikakitia kitabu kwapani, nikaendelea na bawabu wangu.

Sasa lazima niseme jambo la aibu. Shimo lile lilikuwa refu kuliko kiwiliwili changu. Ili macho yangu yafike ukingoni nilihitaji kuinuliwa kidogo, na kitabu kile kilikuwa kinene. Kwa kuwa nilijua kila neno kwa kichwa, nilikuwa nikikikalia. Miaka mingi nilikikalia kila kitabu alichowahi kunipa, na waigizaji walikuwa wakinitania kwamba mimi ndiye msomaji pekee anayesoma kwa upande ule. Siku ile nayo nilikikalia.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwisho. Watu walikuja, wakaondoka, unga ukadondoka. Risasi akabaki peke yake. Akautazama mlango, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akageuza uso taratibu kwa watazamaji, safu ya tatu. Nilifuata macho yake kadiri pipa lilivyoniruhusu. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, neno halikutoka. Akavuta tena.  Mimi nikadhani amesahau. Hata nilimhurumia. Na pale alipovuta pumzi ya tatu nikampenyezea neno, laini kuliko yote niliyowahi kuyapenyeza maishani.

"Nimeufunga."

Naye, akimtazama binti yake machoni, akasema, "Mlango nimeufunga."

Mwigizaji aliyekwama hachagui. Anameza anachopewa kama kifaranga. Viti vya ukumbi wetu vilikuwa vya kujikunja, na kabla taa hazijazima nilisikia kimoja cha safu ya tatu kikipiga pa. Halafu makofi yakaanza, na katika siku zote ambazo watu walitupigia makofi, siku ile ndiyo waliyopiga sana.

Nilipotoka shimoni nilikifungua kitabu. Neno langu la wino lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja wa risasi. Juu yake, kwa g yenye mkia wa ngedere, ameandika: *sijaufunga*. Na pembeni, dogo zaidi: *mwanangu*.

Nikamkuta nyuma ya pazia, amekaa kwenye lile sanduku, bado amevaa kanzu kuukuu ya yule mzee. Nilikuwa na kitabu kwapani. Nilikwenda kusema. Naapa nilikwenda kusema. Lakini yeye aliwahi. Alisema, "Ulimi umenisaliti, Chumvi. Au haukunisaliti. Labda huko ndani ndivyo nilivyo." Mnaona? Hakunisikia. Kazi yangu ilikuwa safi mno. Alidhani neno limetoka moyoni mwake mwenyewe.

Nikasema, "Pole, kaka." Nikaondoka na kitabu.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema afanye nini mtu aliyemkwaza mwenzake ulimi. Asubuhi yake nilikwenda tena, nikarudi toka mlangoni. Wiki ikapita, na kosa ni kama mlango wa mbao mbichi, ukiliacha likauke vibaya halinyooki tena. Yeye alifunga onyesho lile na hakupanda jukwaani tena. Nilimwambia amwandikie binti, amweleze kwamba ulimi uliteleza. Akaniuliza amwelezeje, yeye aliyemlea akimfundisha kwamba ulimi hauendi mahali ambapo moyo haujatangulia? Akaandika riwaya mbili zaidi. Wakosoaji walizisifu kwa ukavu wake. Hamna mtoto hata mmoja ndani yake, hata wa kupita barabarani.

Miaka kumi na tisa nilikikalia kitabu kile. Kilikuwa sandukuni kwangu, chini ya nguo za mvua, lakini nilikikalia.

Alipolala kitandani mara ya mwisho, na daktari ameshaacha kuongea kwa matumaini, nilimwendea mchana, nikavuta kigoda, nikamwambia yote, kuanzia bawabu hadi kitabu chini ya makalio. Sikukoleza kitu. Alinisikiliza macho yamefumba. Halafu akatabasamu, lile tabasamu alilompa mwigizaji aliyejitahidi sana katika sehemu ndogo. Akasema, "Asante, mdogo wangu. Hata hili unataka kunibebea." Nilimshika mkono, nikamwambia ni kweli tupu. Akanigongagonga vidole. "Umetia chumvi mahali pake," akasema, "lakini mimi nilikuwa jukwaani. Ningekusikia."

Hakuishi wiki.

Kifutio alikuja baada ya mazishi, siku ya kupanga vitu. Ana arobaini na saba sasa, miwani, nywele zina mvi pembeni kama vumbi la ule unga. Nilimkuta kwenye chumba cha kuandikia, anavipanga vitabu vya baba yake kwenye maboksi, migongo juu. Meza ni ile ile. Raba ilikuwa kwenye kisahani chake, imechakaa, ukubwa wa punje ya mahindi. Tuliulizana hali. Nikaweka kitabu mezani, nikakifungua ukurasa wa mwisho, nikamweleza.

 Nilipomaliza aliinama, akausoma ukurasa kwa karibu, akapitisha kidole kwenye ile g.

"Haya maandishi ya wino ni yako," akasema.

"Ya wino ni yangu. Ya risasi ni ya baba yako."

"Nayajuaje?"

Nikazitazama zile g mbili, ya wino na ya risasi: mkia ni mmoja. Alinitazama juu ya miwani bila ubaya wowote. Aliniuliza kama nakumbuka mchezo wa karatasi mbili. Nikasema nakumbuka. Akasema hakuwahi kupata hata mara moja.

Nikamwambia, "Niapishe, mwanangu. Kwa kitu chochote."

"Baba mdogo, uliniapia kuhusu yule paka. Nilimletea samaki miezi mitatu."

Akacheka kidogo, nami nikacheka, maana samaki niliwala mimi. Halafu kicheko chake kikageuka, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akakaa nayo mkononi. Alisema kwamba miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza kama kungekuwa na mtu mmoja ulimwenguni wa kumwambia jambo zuri kuhusu siku ile, na kwamba alijua tu atakuwa mimi. Alinishika mkono. Akasema hajawahi kudanganywa kwa upendo kiasi hiki. Kisha akaniomba nimnong'onezee, mara moja tu, kama vile niko shimoni.

Nikangoja avute pumzi. Nikasema, "Mlango sijaufunga, mwanangu."

 Nikadhani limeingia. Nikadhani, basi, imekwisha, amelipokea, hata kama anadhani ni la kwangu.

Akanyoosha mkono, akachukua raba.

Nilisema, "Usifute." Lakini sauti niliyonayo mimi, jamani, ni ile ile ya shimoni. Imetengenezwa isisikike.

"Sikukasirika," alisema akiwa ameshainama. "Ila katika vitabu vya baba nilishaandikwa mara moja bila kuulizwa. Sitaki kuandikwa tena, hata kwa wema. Acha neno libaki alivyolisema." Na akafuta, kama alivyokuwa akifuta akiwa na miaka sita, kwa mizunguko midogo, ulimi umetokeza kona ya mdomo. Akafuta mstari uliokata. Akafuta *sijaufunga*. Akafuta lile neno dogo la pembeni. Akapuliza vumbi, kwa mazoea akasema, "Haya," lakini hakumalizia.

Wino wangu ukabaki peke yake katikati ya ukurasa, mweusi, hauna hata mkwaruzo: *nimeufunga*.

Alibeba maboksi yake. Kitabu aliniachia, akasema ni kazi ya mikono yangu. Mlangoni alinikumbatia, akaniambia nije kumtembelea, nimletee hadithi nyingine.

Ninacho hapa. Risasi alikuwa na mkono mzito, na siku ile alikandamiza hadi ncha ikakatika, kwa hiyo raba imeondoa rangi tu. Nikiinamisha ukurasa kuelekea dirishani mifereji ya herufi inaonekana, na mkia wa ngedere unaning'inia mahali pake. Nikifumba macho nalisoma kwa kidole. Kwenye lile neno la pembeni karatasi ilikuwa laini zaidi, imeanza kuchakaa, na asubuhi ya leo nimeamua kutolipapasa tena, lisije likaisha.